Ngozi ya kichwa kwanza, nywele baadae: mwongozo kwa sie wa Unguja na Pemba

Mtu akitaka nywele anauliza mafuta gani. Hata yule kichwa kinamuwasha mpaka anajikuna usingizini swali lake ni hilo hilo, nipake mafuta gani zikue, na akenda Darajani atauziwa chupa tatu kabla hajamaliza kueleza shida yake. Mie nasema mafuta yakae pembeni kidogo. Nywele zilizokwisha toka nje hazina uhai, ndo maana ukizikata huumii, kilicho hai ni shina lililozama ndani ya ngozi, huko ndo zinakotengenezwa. Ngozi ikiwa imevimba, au ina mafuta ya wiki tatu juu yake, au imeshinda na unyevu chini ya ushungi kutwa nzima, nywele zinatoka dhaifu na nyengine zinadondoka kabla ya wakati wake. Na hapa kwetu joto tunalo, unyevu wa baharini tunao, kichwa tunafunika, maji ya kisima mengi ni magumu, kwaiyo ushauri wa watu wa nchi za baridi kila kitu hautufai, inabidi tujipangie wenyewe.

Hatua ya 1: kikague kichwa

Fanya mchana, uani au karibu na dirisha, nywele zikiwa kavu na hujapaka kitu, maana mafuta yanaficha. Gawa nywele kwa mkia wa kitana, mtu akuangalie au upige picha kwa simu, hasa utosini na kisogoni ambako mwenyewe hupaoni.

Ukikuta chenga ndogo ndogo kavu, ngozi haijavimba, mara nyingi ni ukavu tu au mabaki ya sabuni na jeli. Chenga kubwa za manjano manjano zenye mafuta, zimeng'ang'ania na panawasha, hiyo ndo mba hasa. Vipele vyenye usaha kwenye mistari ya msuko, hapo umebanwa. Mabaka ya mviringo yasokuwa na nywele, yana magamba na vinukta vyeusi vya nywele zilizokatikia chini, na zaidi yanakuwa kwa watoto, hayo mashilingi. Na usitegemee kuona wekundu kama kwenye picha za mtandaoni, kwa ngozi nyeusi palipovimba panaonekana peusi zaidi ya pengine au pamepauka, basi.

Kuna moja nataka uichukulie kwa uzito. Ukiona pahala ngozi imekuwa laini, inang'aa, huoni hata vitundu vya nywele, hapo kovu limeshaanza na penye kovu nywele hazioti tena. Kwa wanawake wa Kiafrika huwa linaanzia utosini na kusambaa taratibu, wengine linawasha, wengine haliumi kabisa, na mtu anajisemea tu nywele zimekatika. Hapo usijaribu jaribu mafuta, nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo kwa sababu kinachoweza kuokolewa ni zile nywele zilizobakia.

Zile zinazobaki kwenye kitana zisikutie hofu, mtu mzima mwenye afya anapoteza kama 50 mpaka 100 kwa siku, ukifumua msuko wa mwezi utatoa furushi zima kwa sababu ni za siku zote hizo hazikupata pa kutokea.

Hatua ya 2: osha, na uoshe ngozi

Nyumba moja hapa utakuta dada ana nywele za singa, mdogo wake za kipilipili, baba mmoja mama mmoja, kwaiyo usifuate ratiba ya mwenzio. Nywele za singa mafuta ya kichwani yanateremka haraka, zioshwe hata mara 2 au 3 kwa wiki. Za kipilipili mafuta hayashuki vizuri kwenye ule mkunjo, ncha zinakauka upesi, mara 1 kwa wiki inatosha na zisipite wiki 2. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanaoshinda juani na maji ya chumvi, wachumaji karafuu msimu ule wa jasho na vumbi, wanaofanya mazoezi, nyinyi osheni mara zaidi, au basi siku za katikati suuza kwa maji matupu ya baridi ukitoka kazini ile chumvi isikaukie kichwani.

Shampuu inakwenda kwenye ngozi, sio kwenye urefu wa nywele. Rowesha kichwa mpaka maji yafike mashinani, chukua shampuu kidogo, ichanganye na maji kiganjani kwanza, kisha sugua kwa ncha za vidole, sio kucha, kucha zinachana ngozi na pale penye mchubuko ndo vijidudu vinaingia. Anzia kisogoni uje mbele, dakika 2 au 3, suuza, rudia mara ya pili kama ulikuwa umejaza mafuta. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu. Kondishena kinyume chake, ianzie katikati kwenda nchani, usiipake kwenye ngozi. Kwa mwenye msuko, shampuu changanya na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha mstari kwa mstari, ponda ponda kwa vidole bila kusugua na usuuze muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika, maana sabuni iliyobaki chini ya rasta ndo inawasha watu halafu wanasema wana mba.

Sabuni ya mche ya kufulia naomba muiache kwenye nguo. Ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) iko kama 5.5, sabuni ya mche inafika 9 mpaka 10, inakausha na kufungua magamba ya nywele. Tena visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yake ya kisima yana chokaa, sabuni ya mche ikikutana na maji yale haitoi povu, inafanya utando mweupe unaoganda kwenye nywele na ngozi. Ukihisi nywele zimekuwa kama zina nta hata baada ya kuosha, sababu mara nyingi ni hiyo. Dawa yake rahisi, tumia shampuu, na masika kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, yaache dakika za mwanzo zioshe bati kwanza, hayo yafanye ya kusuuzia mwisho. Mvua ikiwa hakuna, kijiko 1 kikubwa cha siki kwenye kikombe cha maji, mimina, kaa dakika 1, suuza. Ngozi ikiwa na mchubuko siki usiweke, itaunguza.

Majani ya mkunazi ni mazuri kweli na bibi zetu walijua wanachofanya, yana povu lake la asili linalotoa uchafu bila kukamua mafuta yote. Yakaushe kivulini, yatwange, yachunge kwa chekecheke laini kabisa (hapa ndo watu wanafanya haraka halafu wiki nzima wanatoa vipande vya majani), koroga na maji ya uvuguvugu iwe uji mwepesi, sugua kichwani kama shampuu.

Hatua ya 3: kausha kabla hujafunika, na hapa ndo penye shida yetu kubwa

Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuwaambia dada zangu ningechagua hili. Unaoga saa 12 asubuhi, unawahi kazini au unawahi daladala, nywele mbichi unazifunga kifundo, juu yake kofia ya ndani ya nailoni, juu yake ushungi, pini tatu, unafungua saa 10 jioni harufu inakutoka na ngozi imelainika kwa unyevu. Joto na unyevu na mafuta ndo mazingira yanayopendwa na fangasi, tena miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, hapa ndani ya nyumba kwenyewe mtu anatoka jasho.

Ushungi hauna kosa lolote, kosa ni maji yaliyofungiwa ndani yake. Kwaiyo siku ya kuosha ipange siku ambayo hutoki kwa saa kadhaa, wengi wetu Jumamosi asubuhi inakubali. Ukitoka kuoga usisugue na taula, minya kwa fulana kuukuu ya pamba, gawa nywele mafungu manne, kaa mbele ya feni ukifungua fungu moja moja mpaka ukigusa ngozi, nasema ngozi, sio nywele, unahisi pakavu. Una draya tumia upepo wa baridi au wa vuguvugu, ishike mbali kama sentimita 15 na uwe unaisogeza. Ukilazimika kuosha siku ya kazi osha jioni mapema baada ya alasiri, usilale nazo mbichi, mto nao unageuka makazi ya fangasi.

Kupangusa kichwa kwa udhu hakuna tatizo, ule ni unyevu wa juu juu unakauka wenyewe. Josho ni jengine kwa sababu maji yanatakiwa yafike mashinani, basi panga muda wa kukausha, na ukisuka usisuke msuko mzito ambao utakufanya uyaonee uchungu maji.

Kofia ya ndani chagua ya pamba, uwe nazo tatu nne, iliyolowa jasho leo kesho isirudi kichwani. Kifundo kihamishe, leo juu, kesho chini, maana pahala pamoja pakivutwa kila siku mwaka mzima nywele zitapatoka. Usikaze kitambaa cha mbele mpaka kinaacha alama kwenye paji. Na ukifika nyumbani vua, legeza, ngozi ipate hewa.

Buhuri na udi sina neno, harusi bila ya nywele kufukizwa haijakamilika, ila fukiza nywele zilizo safi na kavu tayari na chetezo kiwe mbali. Wako wanaofukiza ili kuficha harufu ya kichwa kisichooshwa, hapo moshi unaongeza utando tu juu ya uchafu.

Hatua ya 4: mafuta, kwa kiasi na pahala pake

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele zenyewe, yanapenya ndani na kuzipunguzia kupoteza protini wakati wa kuosha. Yapake kwenye urefu saa 1 au 2 kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia. Lakini mwenye mba asiyamwage kwenye ngozi. Fangasi wa mba anaitwa Malassezia, kila mtu anaye kichwani, na chakula chake ni mafuta, nazi imo, zeituni imo. Kwaiyo unapaka, panatulia siku moja kwa sababu chenga zimelowa hazionekani, siku ya tatu mba imerudi na nguvu, unapaka tena. Watu wanaishi hivo miaka.

Mbarika inang'arisha na inashika unyevu, lakini kwamba inaotesha nywele halijathibitishwa, na kwa uzito wake kwenye ngozi inakusanya vumbi. Habasoda matone machache ukichanganya na nazi haina ubaya. Ngozi kavu isokuwa na mba ipake kidogo tu, kwa ncha ya kidole, si zaidi ya mara 2 kwa wiki.

Watu wa Pemba hili ni letu. Mafuta ya karafuu na ya makonyo (vile vikonyo vyake) yanayokamuliwa pale Wawi ni makali mno, ile eugenoli iliyomo ndani yake inaunguza ngozi. Usipake matupu kichwani hata tone. Ukitaka harufu yake weka matone 2 kwenye vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya nazi, jaribu kwanza nyuma ya sikio, ngoja siku nzima. Kwa mtoto mdogo, au ngozi yenye vidonda, usiweke kabisa. Na ndimu usipake ukatoka juani, maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi mpaka malengelenge, alama nyeusi inakaa wiki na wiki.

Hatua ya 5: kama ni mba

Nenda famasi uulize shampuu ya ketokonazoli asilimia 2. Inaoshewa mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 mpaka 4, unaipaka kwenye ngozi, unaiacha dakika 3 mpaka 5, hapo ndo inapofanyia kazi, wengi wanaipaka na kuisuuza papo hapo halafu wanalalamika haifai. Nywele za kipilipili inazikausha, kwaiyo paka kwenye ngozi tu na ncha uzipe kondishena, mara 1 kwa wiki itatosha. Shampuu zenye zinki nazo zinasaidia mba ndogo. Ikishatulia rudia mara 1 kila wiki 1 au 2 maana mba inadhibitiwa tu, haiondoki moja kwa moja. Wiki 4 zimepita hamna mabadiliko, au magamba ni manene meupe kama fedha na yametokea mpaka viwiko na magoti, huo unaweza ukawa ugonjwa mwengine wa ngozi, kaonwe.

Hatua ya 6: msusi, dawa na piko

Msuko ukiuma umekazwa, hakuna msuko mzuri unaouma. Ukishindwa kulala, ukitokwa na vipele, ukinyanyua nyusi ukahisi ngozi inavutika, fumua, hata kama umelipa, hata kama kesho ni Idi. Zinazoondoka mwanzo ni za mapanja na za mbele, zikivutwa miaka hazirudi, lakini ukiwahi zinarudi. Mwambie msusi aziache nywele changa za mbele, rasta ziwe nyepesi, msuko ukae wiki 6, ukizidi sana 8, kisha kichwa kipumzike. Watoto wa skuli wasukwe twende kilioni ya kulegea, kichwa cha mtoto ni laini na yeye hajui kusema panauma ila kulia, na sie tunamwambia nyamaza.

Rilaksa kali ina kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, na hata zile zisokuwa na kostiki ni kali vile vile kwa ngozi. Usijikune wala usioshe kichwa siku 2 kabla, paka vaselini kwenye paji, masikio na ngozi, dawa iguse nywele zilizoota tu, ukianza kuhisi inachoma isuuzwe pale pale, asikwambie mtu vumilia ishike. Wiki 8 mpaka 12 kati ya moja na nyengine.

Piko sasa. Hina ya majani ni salama kwa wengi, lakini piko nyeusi inayochorwa mikononi kwenye harusi ina PPD, kemikali ya rangi nyeusi ya nywele. Mwili ukishaikataa mara moja, kwa vipele au malengelenge kwenye mchoro, haisahau. Siku ukipaka rangi ya nywele yenye kitu hicho hicho kichwa na uso vinaweza kuvimba mpaka macho yakafunga, na ukipumua kwa shida hiyo ni dharura, hospitali moja kwa moja. Aliyewahi kuwashwa na piko asipake rangi nyeusi ya dukani. Wengine jaribuni kidogo kwenye mkunjo wa mkono saa 48 kabla.

Hatua ya 7: watoto na wanaume

Mashilingi hayaponi kwa kupaka. Fangasi huyu ameingia ndani ya unywele wenyewe, krimu haimfikii, mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa kwa kipimo cha daktari kufuatana na uzito wake. Wakaguliwe na wenziwe wa nyumbani, vitana, kofia na mitandio wasichangie, vioshwe kwa maji ya moto. Vya madrasa usivisahau, kofia pale zinabadilishana vichwa kila siku. Mtoto wa akika anyolewe kwa wembe mpya.

Kaka zetu, kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako. Wenye vipele vigumu kisogoni waache kunyoa mpaka chini kabisa, wabakishe milimita chache, na wasivitumbue, na vikiachwa bila kutibiwa vinageuka makovu ya kuvimba.

Hatua ya 8: ukiona kichwani hamna kitu lakini zinadondoka

Ngozi safi, hakiwashi, na bado nywele zinatoka mafungu, basi hesabu nyuma miezi 2 au 3. Ulijifungua? Uliumwa homa kali, malaria, denge? Ulifanyiwa opereshini, ulipungua uzito ghafla? Mwili ukipata mshtuko nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja na zinaanguka baadae, wakati umeshasahau ulichoumwa. Mzazi huanza kuona karibu mwezi wa tatu, hasidi hahusiki hapo, kwa wengi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka.

Upungufu wa damu nao ni sababu, hasa kwa wenye hedhi nzito. Pima damu kabla ya kununua vidonge. Kula dagaa, kunde, mchicha, maini, na kamulia ndimu kwenye mboga inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai tunayoteremshia chakula inayazuia, isogeze saa 1 baada ya kula.

Ukiamua kwenda kwa daktari, siku hiyo usipake mafuta, fumua msuko ili aione ngozi, chukua chupa zote unazotumia pamoja na ya shampuu, na zile picha ulizopiga kwenye simu umuoneshe ilianzia wapi. Mwambie pia kama umejifungua karibuni, dawa gani unameza, na kama kwenu kuna mtu mwengine nyumbani anajikuna.